Harusi Iliyomshinda Jemadari

Watu wa mtaa wa misheni pale Bagamoyo walimwita Melania "Jemadari". Mwenyewe alijua, na wala hakuona ubaya. Alikuwa mjane wa makamo, mnene lakini mwepesi wa miguu, mshonaji ambaye cherehani yake iliimba kutwa. Mtu akifiwa, Melania ndiye aliyepanga nani akae jamvini na nani akachote maji. Mtoto akizaliwa, Melania alifika na jina tayari. Siku ya maandamano ya Ekaristi, Padri alitangulia na Sakramenti, lakini watu wote macho yao yalikuwa kwa Melania, wajue kama wanakata kushoto au kulia.

Hakuzaliwa hivyo. Usichanani alikuwa mtu wa kucheka ovyo, mpaka masista wakamtoa darasani mara kadhaa. Kisha siku moja, Filomena wake akiwa bado ananyonya, alikwenda Dar es Salaam kutafuta vitambaa, akamwacha mumewe Leonsi ana homa kidogo, homa ya kawaida tu, anatania watu kitandani. Aliporudi alikuta uani pamejaa watu. Tangu hapo Melania hakuachia kitu tena. Usiku alikagua komeo la mlango, akalala, akaamka, akalikagua upya. Na moyoni alifuga neno moja ambalo hakumwambia mtu: ningalikuwapo, asingalikufa.

Sasa Filomena mwenyewe alikuwa anaolewa. Mchumba alikuwa Gervasi, mwalimu wa shule huko Miono, kijana mrefu, mpole, aliyekuwa na tabia ya kuomba radhi hata alipokanyagwa yeye. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, na harusi iliwekwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Majilio, maana Majilio yakishaingia hakuna sherehe za ndoa mpaka Noeli ipite. Melania alipanga kila kitu. Alipanga nani atashika maua, nani atapiga vigelegele, nani atalia na alie kwa kiasi gani. Alimweka rafiki yake Mwaija, jirani Mwislamu wa ukuta kwa ukuta, awe mkuu wa jikoni. Na mume wa Mwaija, Mzee Mwinshehe, ndiye atakayemchinja ng'ombe, ili majirani wa dini zote wale bila wasiwasi.

Jumapili iliyotangulia, Padri Alfonsi alihubiri juu ya enzi ya Mungu. Alisema hakuna kitu, mbinguni wala duniani, kilicho nje ya mkono wake. Mvua ni yake, bahari ni yake, siku ya kuzaliwa na siku ya kufa ni zake, na hata shomoro wale wanaopiga kelele juu ya bati la kanisa haanguki mmoja pasipo yeye kujua.

"Na jambo hili, ndugu zangu," alisema Padri, "si la kututisha. Ni la kutupumzisha."

"Amina!" aliitikia Melania kwa sauti iliyowashtua waliosinzia. Kichwani alikuwa anapanga viti.

Baada ya Misa alimvizia Padri mlangoni.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele, amina. Hujambo, Mama Filomena?"

"Sijambo. Mahubiri yalikuwa matamu sana. Ila Jumamosi, tafadhali, yawe mafupi. Pilau ikipoa haina ladha."

"Na mvua ikinyesha?"

"Hainyeshi. Nimefanya novena, siku tisa za sala."

Padri alikohoa kuficha kicheko. "Umefanya novena, mama, au umempa Mungu amri?"

"Vyote viwili," akajibu Melania, akaenda zake.

Ijumaa mchana ng'ombe aliwasili. Aliletwa kwa miguu kutoka Kiwangwa na mfugaji mmoja aitwaye Kulwa, mtu wa maneno machache. Alikuwa dume mweusi, mnene, mwenye nundu kubwa. Alitembea taratibu, kichwa juu, akiwatazama watu kama wamekuja kumwomba kibali. Kwa hiyo Kulwa alikuwa amempa jina la Karani. Alimfunga kwenye mnazi uani. Melania akaja, akalikodolea macho lile fundo.

"Hili fundo gani, baba?"

"La kufungia ng'ombe, mama."

"Mimi nimefunga mafundo maisha yangu yote," alisema mshonaji, akalifungua, akafunga la kwake. Lilikuwa fundo zuri mno, lenye masikio mawili yaliyolingana sawasawa, kama la utepe mgongoni mwa gauni la Komunio. Kulwa alilitazama fundo, akamtazama mama, akatikisa kichwa, akaenda kunawa miguu.

Alfajiri ya Jumamosi mvua ilianza. Haikuwa manyunyu. Ilimwagika kama mtu aliyepindua pipa, na Melania akasimama dirishani akiiangalia kama mdeni aliyevunja ahadi. Hajakaa sawa, zikaja habari kwamba lori la bwana harusi, lililotazamiwa tangu jana jioni, halijaonekana na hakuna ajuaye lilipo. Na kabla hajamaliza kuuliza maswali, ukelele wa Mwaija ukatoka uani:

"Shoga! Shoga njoo! Karani hayupo!"

Kweli hayupo. Kamba ilikuwa imelala kwenye tope, imenyooka, safi, bila hata alama ya fundo.

Melania aliingia chumbani kwa bibi harusi mbio. Filomena alikuwa ameketi juu ya kigoda, amepakwa liwa mwili mzima, manjano kama embe, anatafuna karanga.

"Filo! Ng'ombe katoroka, mvua inanyesha, na mchumba wako hajulikani aliko!"

"Gervasi atafika, mama."

"Umejuaje?"

"Sijui. Ila nimeshamwachia Mungu."

"Haya, mwachie Mungu Gervasi. Ng'ombe niachie mimi."

Akajifunga kanga kiunoni juu ya gauni lake jipya la hariri ya dhahabu, gauni alilolishona kwa miezi, akatoka mvuani.

Kufuata nyayo hakukuwa kazi, maana Karani alikuwa ameacha ushahidi kila mahali. Alikuwa amepita katikati ya kibanda cha muuza kahawa, akala nusu ya paa la makuti la jirani, akaingia kwenye duka la vitambaa mlango wa mbele na kutokea wa nyuma akiwa amevaa shela begani. Kulwa alitangulia mbio. Melania alifuata. Nyuma ya Melania alikuja Mzee Mwinshehe, kanzu ameikunja mpaka magotini, kisu chake cha kuchinjia amekizungusha kitambaa na kukibana kwapani, akihema, "Taratibu jamani, mimi ni mtu mzima!" Na nyuma yake ulikuja mtaa mzima, maana nani angebaki nyumbani siku kama ile?

"Mmemwona Karani?" Kulwa alimuuliza kila aliyemkuta.

"Kaelekea pwani!"

"Anakimbia?"

"Anakimbia, tena kajifunga shela!"

Walipofika ufukoni, palipo soko la samaki, maji yalikuwa yanajaa. Wauza samaki wote walikuwa wamesimama wamegeuzia samaki wao mgongo, wanacheka mpaka wanashikana. Kule mbele, katikati ya mawimbi, kilionekana kichwa cheusi, pembe mbili na ncha ya nundu. Karani alikuwa ameingia baharini mpaka shingoni, na alionekana ameridhika kabisa na mahali pale.

"Karani!" aliita Kulwa. "Karani, rudi! Karani utazama!"

Maneno hayo yalikuwa na madhara. Mtu aliyekuwa akipita barabara ya juu alisikia "Karani utazama", akakimbia nayo mjini, na kwa kuwa mvua ilikuwa inapiga kelele, kila aliyeipokea aliipokea nusu. Ilipofika karibu na Boma ilikuwa imekwisha kuwa "Karani amezama". Na pale Bomani karani alikuwa mmoja tu, bwana mmoja mwembamba, mwenye miwani. Mkewe, Bi Tabia, alikuwa anapepeta mchele. Alirusha ungo juu, akashika njia ya pwani kanga moja kichwani na nyingine mkononi, analia kwa sauti: "Ewe Mola wangu, nirudishie mume wangu! Ukinirudishia nalisha watu! Nakuwekea nadhiri, nalisha watu leo leo!"

Alifika pwani ana hali mbaya. "Yuko wapi? Mmemwopoa?"

"Bado," alijibu muuza samaki mmoja. "Ila usiwe na wasiwasi, bibi, anaogelea. Pembe zinaonekana."

"Pembe?" alisema Bi Tabia.

Wakati huohuo karani mwenyewe alitokea na mwavuli wake, mzima, mkavu, amekuja kuona ni karani gani aliyezama, maana alivyojua yeye hapakuwa na mwingine. Bi Tabia alimrukia shingoni mbele ya halaiki yote, miwani ikaenda huku, mwavuli ukaenda kule, na ufuko mzima ukapiga shangwe kama wao ndio wanaooana.

Melania hakucheka. Alikuwa anamtazama ng'ombe. Alimgeukia Mzee Mwinshehe.

"Mzee wangu, fanya jambo."

"Mwanangu," alisema Mwinshehe akiyatazama mawimbi, "nimechinja nchi kavu miaka yote. Baharini sijasoma."

"Basi nitamtoa mimi."

Akaingia. Watu walipiga kelele arudi, Kulwa akamwambia mnyama huyu hasukumwi, atatoka mwenyewe akitaka, hakusikia. Alikwenda mpaka maji yakamfika kiunoni, gauni la hariri likafura pande zote kama mwavuli, akasimama mbele ya Karani uso kwa uso.

"Toka," akasema.

Karani akacheua.

"Nasema toka! Nina wageni!"

Likaja wimbi. Halikuwa kubwa, lilikuwa wimbi la kawaida linalopita kwenye shughuli zake, likamketisha Jemadari majini kitako, likampita juu ya kichwa, likaendelea na safari kwenda ufukoni. Alipoibuka, mwani ulikuwa umemning'inia sikioni kama hereni, na kilemba chake kilikuwa kinaelea kuelekea Unguja.

Hapo ndipo aliposikia kengele ya kanisa.

Ililia kwa nguvu, kwa furaha, ng'aa, ng'aa, juu ya sauti ya mvua. Hakuwa ameagiza ipigwe. Alikuwa amesema wazi kwamba kengele isiguswe mpaka atakapotoa ishara kwa leso nyeupe. Nani kaipiga? Alitaka kusimama, miguu ikazama mchangani, akaketi tena. Basi akatazama huku na huku. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bahari, ambako hakuna hata shamba. Maji yalikuwa yanajaa kwa sababu saa yake ya kujaa ilikuwa imefika. Ng'ombe alikuwa anacheua. Kengele ilikuwa inalia. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi yake, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kinangoja neno la Melania.

Na mara lile neno lake la miaka yote likamjia pale majini, ila safari hii lilikuja na swali mgongoni. Ningalikuwapo asingalikufa. Ningalikuwapo, ningalifanya nini? Ningalimshika mkono. Ningalimpa maji. Ningalimpangusa jasho. Na homa? Homa ile ingalimsikiliza nani, ikiwa hata ng'ombe hanisikilizi?

Kitu kilimpanda kifuani. Alidhani ni kilio, na huenda kilianza hivyo, maana machozi yalimtoka ya moto katikati ya maji baridi, akamwona Leonsi kitandani anatania watu, akaona kwamba mkono uliomchukua ulikuwa mkono uleule unaoijaza bahari hii, na kwamba zamu ile ya kuamua haikuwa yake yeye tangu mwanzo. Lakini kile kitu kilipofika mdomoni kilikuwa kicheko. Kilimtoka kwanza kidogo, puani. Kisha kikamtoka chote, kile cha usichanani, cha kutolewa darasani.

"Bwana wangu," alisema akicheka na kumeza maji ya chumvi, "basi tawala. Tawala Wewe. Kumbe ulikuwa unatawala siku zote, mimi nilikuwa nakuzibia njia tu!"

Mwaija alikuja akipasua maji, mikono juu, uso umesawajika kwa hofu. "Shoga, umeumia? Umegonga kichwa? Unacheka nini?"

"Mwaija," alisema Melania, akamshika mabega. "Mwaija, mimi si Mungu."

Mwaija alimtazama. "Hilo mbona sisi mtaani tunalijua siku nyingi?"

Basi hapo walicheka wote wawili. Walicheka mpaka wimbi la pili likawaangusha pamoja, na Karani akasogea pembeni kidogo kuwapisha.

Kutoka ufukoni watu walikuwa wanapunga mikono na kupaza sauti: bwana harusi amefika! Padri amepiga kengele kwa sababu saa imepita na bwana harusi amefika!

"Nitaingiaje kanisani hivi?" Melania alijitazama. Hariri ya dhahabu ilikuwa imemganda mwilini, rangi imeshuka yote miguuni.

"Njoo," alisema Mwaija. "Twende kwangu, kwako watu wamejaa mpaka chumbani."

Kilichokuwa kikavu nyumbani kwa Mwaija ni doti moja ya kanga na buibui lake la sikukuu. Kwa hiyo mama wa bibi harusi, kiongozi wa akina mama wa parokia, aliingia kanisani amevaa buibui jeusi, maji yanamchuruzika kwenye nywele, ameshikana mkono na Mwaija, na nyuma yao Mzee Mwinshehe aliyeketi kiti cha mwisho kwa adabu, kisu bado kiko kwapani. Melania hakwenda kwenye kiti alichojitengea mbele. Alikaa palipokuwa na nafasi.

Filomena aligeuka, akamwona mama yake, akatazama tena, mabega yakaanza kumtikisika chini ya shela.

Gervasi naye alikuwa na habari zake. Lori lao lilikuwa limezama tope ng'ambo ya Ruvu tangu jana, likagoma kabisa. Walikesha hapo wakiimba nyimbo za Mama Maria, mpaka alfajiri likapita lori la mtu mwingine lililobeba mananasi ya Kiwangwa, shehena mpaka juu. Nafasi ilikuwa moja tu, juu ya mananasi. Bwana harusi alisafiri hivyo mpaka Bagamoyo, akiomba radhi kwa kila nanasi alilolikalia. Sasa alisimama mbele ya altare, suti imechanika nyuma, ananukia kama soko zima, na kila alipotakiwa kupiga magoti alipiga kwa uangalifu mkubwa.

Padri Alfonsi alipanda kuhubiri. Alimwona Melania kwenye benchi la nyuma, ndani ya buibui, akasita. Labda alikumbuka alivyoombwa. Alisema maneno machache tu: kwamba watu hawa wawili wamefikishwa hapa na Yeye ambaye njia zetu zote ni zake, za lami na za tope; akanyamaza. Melania alitamani aendelee.

Kisha mvua ikazidi. Juu ya bati ilinguruma hata Padri alionekana anachezesha midomo tu.

"Gervasi, unakubali kumwoa Filomena?" alipaza sauti.

"Samahani, Padri?"

"UNAKUBALI KUMWOA FILOMENA?"

"NDIYO!" alipiga ukelele Gervasi, yule mpole, sauti ambayo hakuna aliyejua anayo. "NAKUBALI! NAKUBALI SANA!"

"SANA haimo," alisema Padri, lakini hakuna aliyemsikia, kwa kuwa Filomena alikuwa ameshapaza "NA MIMI!" kabla hajaulizwa, na kanisa zima likapasuka vigelegele. Kwenye mpango wa Melania, vigelegele vilikuwa vipigwe nje, baada ya picha. Melania mwenyewe ndiye aliyevianza.

Walipotoka, ndipo mtu alipokumbuka chakula. Wali ulikuwa tayari, masufuria makubwa makubwa, lakini nyama yake ilikuwa baharini. Watu walianza kumtazama Jemadari kama walivyozoea, wangoje amri. Jemadari alikuwa anacheza na wapiga tarumbeta, buibui limepanda juu ya magoti, hana habari.

Aliyesogea ni Bi Tabia, mke wa karani. "Jamani," alisema, "mimi leo nimeweka nadhiri. Nilisema mume wangu akipatikana mzima nitalisha watu, leo leo. Mume amepatikana. Kuku wangu wapo, tena wengi. Kilichokuwa kinanitatiza ni hao watu, nitawatoa wapi." Akatazama uwanja wa kanisa uliojaa tele. "Watu wenyewe si hawa?"

"Si ndio sisi!" waliitikia watu.

Hatimaye Mzee Mwinshehe alikitoa kisu chake kwapani, akakifungua kile kitambaa kwa fahari, akafuatana na Bi Tabia, na kwa muda mfupi banda la kuku la karani likawa kimya. Wauza samaki, waliokuwa wamecheka asubuhi nzima bila kuuza kitu, wakaona samaki hawatafika kesho bila kuharibika, wakawaleta nao. Mwenye lori la mananasi alisema yaliyokaliwa na bwana harusi hayauziki tena, akayashusha. Mwaija alisimama katikati ya moshi, mwiko mkononi, akifurahia jiko ambalo kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuja kulionja kila dakika.

Walikula. Walikula wali kwa kuku, wali kwa samaki, wali kwa mananasi, na walioshiba walipumzika wakaanza upya. Tarumbeta zililia mpaka mvua yenyewe ikachoka.

Alasiri, maji yalipokupwa, Karani alitoka baharini kwa hiari yake. Alipita barabara kuu polepole, kichwa juu, chumvi imemkaukia nundu, Kulwa anamfuata nyuma bila kamba. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye shughuli, akasimama. Ngoma zikanyamaza. Mzee Mwinshehe aliinuka, tumbo limejaa, akauliza bila hamu kubwa:

"Mama Filomena, unasemaje? Nichinje?"

Watu wote waligeuka kumtazama Melania.

"Sijui," alisema Melania.

Wazee waliokuwapo walisema baadaye kwamba hawakuwahi kulisikia neno hilo likitoka kwenye kinywa kile. Melania mwenyewe alishangaa lilivyo jepesi. Akalisema tena, alionje: "Sijui! Waulizeni wenye harusi."

Gervasi alimtazama Filomena. "Tukimpeleka Miono," alisema kwa woga, "kule yuko jike mmoja, anakaa peke yake."

"Basi tumpeleke," alisema Filomena, na watu wakaangua kicheko, na Karani akapandishwa kwenye lori la mananasi, pale palipobaki wazi. Kulwa alimfunga kwa fundo la kufungia ng'ombe. Safari hii hakuna aliyemfundisha.

Jua lilikuwa limetoka, na barabara ilikuwa inafuka mvuke, lori lilipowashwa kuwapeleka maharusi Miono. Filomena alishuka tena, akamkumbatia mama yake kwa nguvu. Alingoja maagizo, kwa sababu alijua yapo: asisahau dawa ya tumbo, asilale dirisha wazi, aandike kila wiki, asimruhusu mkwewe aingilie jiko.

"Nenda, mwanangu," alisema Melania. "Mungu yuko Miono pia."

"Ndiyo hayo tu, mama?"

"Ndiyo hayo tu. Mengine sikuwa nayajua hata mimi."

Filomena alilia na kucheka kwa wakati mmoja. Lori likaondoka likirusha tope pande zote, Gervasi akiomba radhi kwa waliorushiwa. Padri Alfonsi, aliyekuwa amesimama kando na kipande cha nanasi mkononi, alimsogelea Melania.

"Mama, umechoka?"

"Padri," alisema Melania, "uliposema ni la kutupumzisha, ulikuwa na maana hasa?"

Padri alifikiri. "Nilisema," alijibu polepole. "Sasa nakutazama wewe, naona nilikuwa na maana kuliko nilivyojua."

Melania aliingia nyumbani. Uani masufuria yalikuwa yametapakaa, majamvi yamelowa, viti vya watu havijarudishwa, na kundi la wanawake lilikuwa linaanza kuosha vyombo na kusimulia upya jinsi Bi Tabia alivyomrukia mumewe. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na wa nyuma pia. Aliviona vyote. Akajitupa kitandani na buibui la watu, mchana kweupe, jua linampiga miguuni, akalala.

Baada ya muda kidogo mkoromo ulisikika mpaka uani. Wanawake walinyamaza, wakatazamana, mmoja akaweka sufuria chini taratibu ili isilie.

"Wala msijisumbue," alisema Mwaija, akisugua ukoko. "Gongeni tu, chekeni tu. Haamki huyo."